Kiti cha Karatasi

"Usinieleze habari za kiti mimi! Mtoto nilikuletea ajue kusoma, sikukuletea ajue kuhoji watu wazima!"

Mama Redio alikuwa amesimama katikati ya ua, ndoo yake imejaa chini ya bomba, maji yanafurika mpaka kwenye kandambili zake, wala hana habari nayo. Futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni na pini zimechomekwa kwenye kifua cha gauni. Cherehani ameiacha na sketi nusu.

"Mama Redio, tuingie ndani tuzungumze," Mwalimu akasema. Ndiyo kwanza alikuwa anaingia getini, mkoba wa madaftari begani, viatu vyeupe kwa vumbi.

"Ndani kwa nani? Hapa hapa! Ua mzima unajua mwanangu kafukuzwa shule, sasa wamsikie na aliyemfukuzisha."

"Hajafukuzwa. Amesimamishwa."

"Ehee! Amesimamishwa! Haya, wewe mwenye lugha yako, niambie: aliyesimamishwa anashinda wapi saa za masomo? Si huyo hapo kwenye ngazi ananikatia nyuzi?"

Wote wakageuka kumtazama Redio. Binti alikuwa ameinamia kola za mashati ya shule, mkasi mdogo mkononi, anakata nyuzi za pembeni moja moja kama vile hasikii anasemwa yeye. Jina la Redio alipewa na ua huu huu akiwa bado hajaota meno ya mbele, kwa sababu akilia chumba cha mwanzo, chumba cha mwisho wanaamka.

"Jamani, bomba!" Bibi, mama mkwe wa Mwalimu, akapiga kelele kutoka mlangoni kwao. "Gombaneni, lakini mmoja wenu afunge maji!"

Mwalimu akainama akafunga. Mama Redio akachukua hiyo kama dharau nyingine.

"Na bado," akaendelea, sauti imeshuka, na hapo ndipo watu waliposogea. "Leo karani wa shule kaja kwangu. Kaniambia nisikate tena kitambaa cha sare mpaka nisikie kutoka kwa mkuu. Unajua sisi tunakula nini, Mwalimu? Tunakula sare. Asubuhi kola, jioni mifuko. Sasa nikawape wanangu nini, nyuzi?"

"Sikujua kama wamefika huko."

"Hukujua! Unajua maswali tu. Huyo karani kasema Jumatatu utapewa nafasi gwarideni. Useme tu kwamba mtoto hakukuelewa, basi, mambo yaishe. Maneno mawili! Yana uzito gani hayo, ni mawe?"

Mwalimu akatazama kwenye ngazi. Mkasi ulikuwa umesimama. Redio naye alikuwa anasubiri jibu.

*

Kila genge lilikuwa na habari yake. Kwa muuza mkaa ilisemekana Redio alimtukana mgeni wa heshima. Kwa kinyozi, alimrushia risala usoni. Kilichotokea hasa kilikuwa kidogo kuliko hivyo, na kilianzia kwenye kiti.

Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, Mwalimu aliweka kiti mbele ya darasa. Mtoto mmoja anakaa, ameshika karatasi yoyote aliyookota njiani: tangazo la mganga, ganda la sabuni, onyo la mwenye nyumba kuhusu taka. Akishakaa, yeye si mtoto tena, ni ile karatasi. Wenzake wanamuuliza maswali matatu. Nani kakuandika? Unataka tufanye nini? Nani yupo hapa na hujamtaja? Na sharti la kiti lilikuwa moja, kwamba ukikikalia hudanganyi.

Kuna siku mvulana mmoja alikalia kiti akiwa ganda la sabuni, lenye picha ya mwanamke anayecheka karibu na beseni. Wakamuuliza nani hajatajwa. Akafikiri, akasema, "Anayefua. Huyu mikono yake mikavu." Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Mwalimu alirudi nyumbani siku hiyo anatembea kama aliyevuliwa mzigo. Miaka yote alikuwa amefundisha watoto wanaosoma kila neno bila kukosea na kuliamini kila neno bila kulitazama. Sasa alikuwa na chumba kizima cha watoto wanaogeuza ganda la sabuni kuangalia nyuma kuna nini.

Kisha shule ikajengewa vyoo vipya. Mzee aliyetoa hela za kuvijenga akaalikwa aje kuvizindua, na siku ikapangwa Ijumaa. Mkuu wa shule aliandika risala mwenyewe, akamchagua Redio aisome, maana sauti ile haihitaji kipaza sauti. Mama Redio akashona sketi mpya kwa ajili hiyo. Kwa kuwa binti ni mfupi, mtu akasema aletewe kitu cha kupandia. Kikaletwa kiti kilichokuwa imara kuliko vyote, kile kile cha Ijumaa.

Mwalimu alikiona kinapita uwanjani kimebebwa begani. Alikiona, na hakuwaza lolote.

Redio akapanda. Akasoma vizuri, sauti inafika mpaka barabarani. Akafika mahali palipoandikwa: "Sisi wanafunzi tunafurahia vyoo hivi, ambavyo tunavitumia kila siku." Akasita kuvuta pumzi. Mbele yake lilikuwa limekaa darasa lake lote. Ijumaa, kipindi cha mwisho, Redio yuko juu ya kiti, ameshika karatasi, kimya. Mtoto mmoja katikati ya mstari, kwa mazoea tu, akauliza:

"Nani kakuandika?"

"Mkuu wa shule," Redio akajibu, kwa sauti ile ile.

"Unataka tufanye nini?" Sasa walikuwa wengi.

"Mpige makofi."

"Nani yupo hapa na hujamtaja?"

Redio akatazama karatasi, akatazama vyoo. "Wasichana wa darasa letu," akasema. "Tunaoenda kuomba choo kwenye nyumba za watu, kwa sababu hivi vina kufuli."

Mgeni alicheka, akapiga makofi. Alidhani ni igizo. Akasimama, akasema haya, twende tukavione. Ufunguo ukatafutwa kwa muda ambao haukuwa na heshima. Kufuli likafunguliwa. Milango mizuri, rangi nzuri, vigae vinang'aa; akavuta maji, hayakuja. Akauliza shimo la maji taka liko upande gani, akaonyeshwa nyasi. Aliondoka bila kugusa soda yake.

*

Mkuu wa shule alikuwa amevua kiatu kimoja chini ya meza. Mguu ulimsumbua, na wiki hiyo kila kitu kilimsumbua.

"Kaa, Mwalimu. Unadhani mimi silioni kufuli? Mimi ndiye niliyelinunua."

"Najua, mkuu."

"Hujui. Fundi alimaliza hela kabla ya kuchimba shimo. Nikifungua leo, kesho shule nzima inanuka, na keshokutwa anayeitwa kujieleza ni mimi. Lile darasa la nyuma halina paa. Yule mzee alikuwa ameshanikubalia paa, tena kwa mdomo wake! Sasa hapokei hata simu."

Mwalimu alimwonea huruma, na hilo lilimchosha zaidi. Angependa mkuu awe mtu mbaya.

"Ungewaambia watoto hivyo hivyo ulivyoniambia," akasema.

"Watoto?"

"Ndiyo. Kwamba shimo bado, ndiyo maana pamefungwa. Wangeelewa."

Mkuu akamtazama kama mtu aliyeambiwa akajieleze kwa madawati. "Nikianza kujieleza kwa watoto, Mwalimu, hii shule nitaifunga kwa kufuli lile lile." Akasukuma karatasi juu ya meza. "Jumatatu. Usome hii, usiongeze, usipunguze. Yule binti anaingia darasani saa hiyo hiyo, mama yake anaendelea kukata kitambaa, na mimi simwandikii mtu yeyote juu yako. Kiti kije hapa ofisini."

"Na nisiposoma?"

"Majina ya watahiniwa yanafungwa wiki ijayo. Aliye nje ya shule hana namba ya mtihani. Hiyo sikuitunga mimi." Akaanza kuuvika mguu ule kiatu, polepole, uso umekunjamana. "Mwalimu, na mimi nilipoanza kazi nilikuwa na mambo yangu kama hayo ya kwako. Nilikuwa nawapeleka watoto mtoni."

Hakueleza kuhusu mto, na Mwalimu hakuuliza.

*

Nyumbani, friji la mtu lilikuwa limelala juu ya meza ya kulia, tumbo wazi. Mume wa Mwalimu alikuwa fundi wa mafriji, na karakana yake ilikuwa popote palipokuwa na nafasi, yaani hapo hapo. Walikula magotini wiki ya pili sasa.

"Soma," akasema bila kuinua kichwa. "Soma, mke wangu, urudi tulale. Hiyo ni karatasi tu."

"Ni karatasi tu. Ndivyo nilivyowafundisha?"

"Uliwafundisha vizuri. Sasa umwache mtoto wa watu akafanye mtihani."

"Mimi ningeisoma," Bibi akadakia kutoka kitandani, alikokuwa anachambua kunde kwenye sinia, "lakini ningesoma huku nafinya jicho hivi."

"Mama, watu mia ngapi wataliona jicho lako?" mwanawe akamuuliza.

"Wenye akili watatosha."

Fundi akacheka, hata Mwalimu akacheka, kisha chumba kikanyamaza, na katika kimya hicho wote watatu wakasikia kitu ambacho hakikuwepo. Jioni zote ukuta wa upande wa Mama Redio ulikuwa na cherehani nyuma yake. Mtu akizoea, haisikii. Sasa ukuta ulikuwa ukuta tu.

Mwalimu akatoa madaftari asahihishe, akabaki ameshika kalamu. Siku zote aliogopa mtoto anayesoma na kuamini. Yule ndiye aliyemkosesha raha. Mtoto anayeuliza na kujibu hakumwogopea kabisa, alidhani huyo ameshavuka. Sasa alijiona kama mtu aliyefundisha kuogelea mpaka katikati ya maji, somo likaishia hapo. Maswali matatu aliwapa. Hakuwapa la nne: ukishajibu, nani atasimama na wewe? Siku ile darasa zima liliuliza, na aliyesimamishwa akawa mmoja. Yeye mwenyewe, mwalimu wao, alikuwa kwenye kiti cha walimu, mikono magotini, anaangalia viatu vya mgeni.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mama wa chumba cha mwisho, amekuja kuazima kiberiti, au ndivyo alivyosema. Macho yake yalienda moja kwa moja kwenye karatasi ya mkuu.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hii."

"Fupi," akasema kwa masikitiko, akaenda bila kiberiti.

*

Jumatatu, Mama Redio alikuja mpaka kwenye geti la shule amevaa gauni la sherehe, amemshika binti mkono kama anayempeleka siku ya kwanza. Hawakuruhusiwa kuingia mpaka isomwe. Wakasimama nje ya vyuma vya geti, na walinzi wakajifanya wanatazama barabara.

Mwalimu akaenda mbele. Akasoma.

"Mimi, mwalimu wa darasa la mwisho, natamka kwamba mwanafunzi huyu alielewa vibaya somo langu. Wanafunzi wanakumbushwa kusoma wanachopewa kama walivyopewa. Tunamwomba radhi mgeni wetu wa heshima na uongozi wa shule."

Ilikuwa fupi kweli. Alipomaliza hakuishusha karatasi. Alisimama nayo mbele ya darasa lake, akawatazama mstari kwa mstari, yule wa ganda la sabuni, yule aliyeuliza swali la kwanza Ijumaa ile, wote. Alisubiri. Mkuu alikohoa, na yeye bado alisubiri, kwa sababu alitaka mmoja wao, mmoja tu, kwa mazoea, amuulize nani kakuandika. Alikuwa amejiandaa kujibu.

Hakuna aliyeuliza. Walikuwa wanaangalia viatu.

Wiki moja tu, akawaza. Mimi kuwafundisha kuuliza nimechukua mwaka mzima.

Geti likafunguliwa. Redio akapita mbele ya shule nzima na sketi yake mpya, akaingia mstarini, na wenzake wakasogea kumpa nafasi, nafasi kubwa kuliko anavyohitaji mtu mmoja. Nje, Mama Redio alikuwa ameunganisha viganja viwili, anamwinamia Mwalimu kwa shukrani. Mwalimu akageuka kana kwamba ameitwa upande wa pili.

*

Jioni hiyo cherehani ilikuwa imerudi kazini. Ilisikika mpaka kwa muuza mkaa. Ua ulikuwa umejaa: mmoja anasukwa, wengine wanakoroga vyungu mlangoni, watoto wanagombania kivuli cha ukuta, Bibi amekaa katikati yao akimalizia habari ambayo wote walikuwa wameshaisikia. Mwalimu akaingia getini, akasalimia akiwa anatembea, ili asizuiwe.

"Mwalimu."

Redio alikuwa amesimama njiani. Mkononi ana stuli ya mama yake, ile ya kushonea ya akiba, yenye mguu uliofungwa kwa kamba. Akaiweka chini katikati ya ua.

"Kaa."

"Nimechoka, mwanangu. Kesho."

"Kidogo tu."

"We Redio!" mwanamke anayesukwa akasema, lakini Bibi akamwonyesha kiganja anyamaze. Vijiko vikasimama kwenye vyungu.

Mwalimu akaweka mkoba chini. Akakaa. Stuli ikayumba, ikatulia. Hakuambiwa atoe karatasi. Aliitoa mwenyewe, imekunjwa mara nne, akaikunjua juu ya magoti.

"Nani kakuandika?" Redio akauliza.

"Mkuu wa shule."

"Unataka tufanye nini?"

"Mnyamaze."

"Nani yupo hapa na hujamtaja?"

Mwalimu akautafuta mstari wa kwanza kwa kidole. "Wewe," akasema. "Nimekuita 'mwanafunzi huyu'. Na hukuelewa vibaya. Ulielewa sawasawa, kama nilivyokufundisha."

Redio hakutabasamu. "Kwa nini ulisoma?"

"Ili ufanye mtihani."

"Hukuniuliza."

Sauti ile ambayo siku zote ilifika barabarani ilitoka ndogo, ikaishia pale pale kwenye stuli. Mwalimu akafungua mdomo. Ukikikalia hudanganyi, na yote aliyokuwa nayo ya kusema yalikuwa ya kujitetea.

"Sikukuuliza," akasema.

Cherehani ilikuwa imenyamaza, na hakuna aliyejua tangu lini. Mama Redio alikuwa mlangoni kwake, kitambaa cha bluu mkononi, miwani juu ya kichwa. Watu wakajikunja wakisubiri kofi au matusi, lolote litakalotangulia.

"Na mimi sikumuuliza," Mama Redio akasema. Alisema kama mtu anayeona kipande amekikata upande usio wake. Akashuka ngazi. "Mwalimu, hebu nijibu na mimi, maana bado umekaa. Hivyo vyoo vina milango?"

"Vina milango mizuri sana."

"Na kufuli limerudishwa?"

"Siku ile ile."

"Haya. Kesho napeleka sare za kwanza ofisini. Nikifika nitamwambia mkuu nimebanwa."

Ua ukapasuka kwa kicheko.

"Nitamwambia, baba, nimetoka mbali, nimebanwa, nioneshe vile vyoo vilivyozinduliwa!"

"Nakusindikiza," Bibi akasema. "Mimi kibofu changu hakina adabu, hakingoji ufunguo."

"Na mimi!" akasema mama wa chumba cha mwisho. "Tena nitabeba na mtoto anayeharisha."

Mwalimu alicheka, kisha akajizuia. "Mama Redio, atawaambia shimo halijachimbwa. Na anaweza kukunyang'anya zile sare. Kweli kabisa, anaweza."

"Anaweza," Mama Redio akakubali, na kicheko kikamtoka usoni. Alikitazama kitambaa mkononi kwa muda. "Basi aniambie hilo la shimo mimi, nimesimama mbele yake nimebana miguu. Kwa nini alibebe mtoto wangu peke yake?" Akamgeukia binti. "Au unasemaje wewe? Nakuuliza."

Redio alifikiri, kweli kweli, kama anavyofikiri mtu ambaye jibu lake litatumika. "Mwende wengi," akasema. "Na Mwalimu awepo."

Mwalimu akakunja karatasi, akainuka. Kesho. Alijiona tayari mlangoni kwa mkuu, kati ya wanawake waliobana miguu na mtu aliyevua kiatu kimoja, na hakujua angesema nini. Lakini angekuwepo. Akaokota mkoba.

"Nitakuwepo," akasema. "Haya, jamani, mlale salama."

"Unakwenda wapi?" Mama Redio akauliza. "Kule kwenu si limelala friji mezani? Fundi tutampelekea sahani yake. Bibi, wewe hujaalikwa lakini najua unakuja. Mwalimu, ingia ndani ule, chakula kipo." Alikuwa ameshageuka mlangoni alipokumbuka, akarudi nusu. "Na hiyo stuli ingia nayo, za kukalia hazitoshi."